Ritani ya Marehemu

Mume wangu hakuwahi kumlipa mtu amfanyie hesabu za kodi. Kwake hilo lilikuwa jambo la heshima. Kila mwaka, mvua za masika zikianza kugonga bati, alitandika mkeka sebuleni, akamwaga karatasi zote za duka, na kuanzia hapo ilikuwa marufuku kwa mtu yeyote kupita karibu na kikombe cha chai. Siku ya kupeleka alivaa shati jeupe nililolipiga pasi, akanyoosha kola mbele ya kioo, akatoka kama mtu anayekwenda kuposa. Mambo ya kodi yalipohamia kwenye kompyuta, shati hakuliacha. Alikwenda nalo steshenari, akakaa pembeni ya mama anayechapa, akawa anamsomea tarakimu moja moja.

"Macho ninayo, kalamu ninayo," alizoea kusema. "Nimlipe mtu wa nini?"

Maneno hayo aliyasema kwa sauti, uso ameuinua juu, kwa sababu mtu mwenyewe alikuwa juu yetu. Fremu yetu, chumba cha duka letu la viungo, iko chini, katika jengo la ghorofa moja nyuma ya soko hapa Morogoro, na juu yake kuna chumba cha mshauri wa kodi, mwenye cheti ukutani na leseni ya kazi hiyo. Ni Mnyamwezi wa Tabora. Sisi ni Waluguru. Kwa hiyo ni mtani wetu, na katika miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kusikia neno lisilo la mzaha likitoka kinywani mwake.

Utani wa makabila yetu ni wa tangu enzi za misafara, ndivyo tulivyoambiwa na wakubwa. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wateja, anaweza kukuchukulia kitu chako, na wewe huna ruhusa ya kununa. Huyu wetu kila asubuhi, kabla ya kupanda ngazi, alipitia dukani, akatumbukiza mkono kwenye debe la karafuu, akajaza kiganja, akatia mfukoni. Salamu hana. "Waluguru, leo mmeshukaje huko mlimani? Kamba haikukatika?" Maana wanasema sisi tunalima miteremko mikali mpaka tunajifunga kamba tusiporomoke, sisi na mbuzi wetu. Nami namjibu, "Mpagazi wee, babu zako walibeba pembe za ndovu, wewe unabeba mafaili. Lini mtapumzika?" Nilikuwa mkali katika hilo, na nilijisikia raha.

Lakini mtani alipenda zaidi kumchokoza mume wangu. Akimkuta na karatasi zake anasimama mlangoni, anatikisa kichwa. "Huyu bahili, hata jino likimuuma atajing'oa mwenyewe."

Mume wangu alifariki ghafla, kwa presha, kabla vuli haijaanza. Alizikwa kwao Mikese, kaburi haliko mbali na barabara kuu. Jeneza lilipotolewa ndani na wanaume wakajipanga kulipokea, mtani wetu akatokea kwenye mlango wa ua. Amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, rundo la karatasi kwapani. Akatanua mikono akaziba njia.

"Huyu haendi popote," akasema. "Hajafunga hesabu."

Kisha akaanza. Akalamba kidole, akafunua karatasi, akanyoosha kola, akatutazama kwa juu ya miwani ambayo hata hakuwa ameivaa. Alikuwa mume wangu hasa. Watu waliokuwa wanalia wakaangua kicheko, na mimi katikati ya wanawake, nimejifunika khanga, nikacheka mpaka nikaona haya. Hakupisha mpaka walipomtupia sarafu za kumtosha. Baadaye niliambiwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika jembe kufukia. Kwetu mambo ya kaburi huachiwa watani, kwa sababu wenye msiba mikono yao inatetemeka.

Nikakaa eda. Mdogo wangu wa kike akawa anafungua duka, mizigo ikaendelea kushuka kutoka Kinole, kwetu mlimani, na mimi ndani kwangu sikuwaza kodi wala nini. Nilipotoka, masika yalikuwa yamekaribia na kila kitu kilikuwa kinanisubiri mlangoni. Leseni ya biashara ilikuwa imekwisha muda. Ili upate nyingine unatakiwa hati ya kuonyesha kwamba mambo yako ya kodi yako sawa, na hati hiyo hupewi kama hujapeleka ritani, yaani ile taarifa ya mwaka ya ulichouza, ulichotumia na ulichobakiza. Mwenye jengo alinifuata kwa upole mwingi, upole wa kutisha, akaniambia bila leseni hawezi kuniandikia mkataba mpya wa fremu, na kwamba wanaoitaka wanampigia simu kila siku.

Niliogopa. Fremu ile ndiyo iliyomsomesha binti yetu. Harufu ya mdalasini imeingia mpaka kwenye saruji yake. Ningeikosa, ningebaki na nini? Mke wa mtu sikuwa tena, na mwenye duka nisingekuwa.

Binti yetu, ambaye anafanya kazi Dar es Salaam, alinipa jibu lake kwa simu bila hata kumaliza kunisikiliza. "Mama, mlipe mtaalamu yaishe."

"Baba yako hakulipa."

"Baba alikuwa baba," akasema.

Asubuhi niliamka nimeamua kwamba nitafanya mwenyewe. Mchana nikamenya ndizi za kupika nimeshaamua kwamba nitamlipa mtu. Jioni sikujua tena. Nikilipa mtu, nitakuwa nimemsaliti mume wangu kabla udongo wake haujatulia. Nisipolipa, nitakosea, na nikikosea fremu inakwenda. Sikuwa na pa kukaa kati ya hayo mawili.

Basi siku moja nikapanda ngazi kwa mtani, kuulizia tu. Chumba chake kilikuwa na feni inayopiga kelele na mafaili mpaka dirishani. Alinikaribisha kwa heshima zake zote.

"Karibu, mjane tajiri. Umekuja kuniposa?"

"Nimekuja kuulizia bei ya ritani, mpagazi. Punguza mdomo."

Akavuta karatasi. "Ritani ya nani?"

"Ya duka. Namba ni ya mume wangu." Namba ya mlipakodi, ile wanayoiita TIN, ilikuwa ya kwake tangu tulipofungua.

Akaweka kalamu chini. "Mtani, marehemu haleti ritani. Labda umlete hapa asaini."

Nikacheka. Yeye hakucheka, lakini yeye hakuwahi kuchekea mzaha wake mwenyewe, hiyo ndiyo ilikuwa fani yake. Akaendelea, uso mkavu. "Ukituma kwa namba yake utakuwa umemfufua. Na mimi nilimfukia kwa mikono yangu. Usinivurugie kazi."

Hapo nilicheka mpaka machozi. Sikuwa nimecheka hivyo tangu msiba. Nikamwambia ni mlafi, anataka alipwe mara mbili kwa maiti mmoja, nikachukua mkoba wangu nikatoka. Nikiwa katikati ya ngazi nilimsikia akiita kwa nyuma, "Mtani! Nasema kweli!"

Sasa niambie, mtani gani asiyesema kwamba anasema kweli? Mwaka mmoja alinipigia simu nyumbani kuniambia lori limeingia dukani kwangu, tena akaapa. Nilikimbia na kandambili za bafuni. Nikamkuta amekaa kwenye stuli yangu anatafuna karafuu.

Wiki ile nilipanda Kinole kufuata mzigo, na nilitaka pia kumwuliza mjomba wangu. Kwetu ardhi inapita upande wa mama, na mjomba, kaka wa marehemu mama yangu, ndiye mwangalizi wa shamba la ukoo wetu. Mdalasini ninaouza unatoka humo, pilipili manga inatoka humo, karafuu pia. Nilimkuta uani kwake anakwangua magome ya mdalasini, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda?"

Nikamweleza. Nikamwambia kwenye kompyuta wanauliza mmiliki wa biashara ni nani, nami sijui niseme nini. Hakuacha kukwangua.

"Unaniuliza duka la nani? Huu mdalasini umeota wapi?"

"Hapa."

"Basi umeshajijibu. Mkwe alikuwa mtu mzuri, Mungu amrehemu. Lakini yeye alishika kalamu tu. Mali ni ya kwetu. Waandikie ukoo."

Nilimwangalia yule mzee ninayempenda na nikawaka ndani kwa ndani. Kalamu tu! Mtu aliyebishana na madereva wa magari ya mizigo kwenye mvua, aliyebuni vipakiti vyetu vidogo vya chai ya viungo ambavyo leo kila duka linaviiga, aliyekaa kwenye fremu ile na homa ili mimi nipumzike, leo ni mshika kalamu. Upande wa mume wangu nao walikuwa na mawazo yao. Siku ya arobaini mpwa wake mmoja alilizunguka duka lote akizigusagusa rafu, halafu akaondoka na redio tu, nami nikashukuru. Kwa wajomba lilikuwa duka la ukoo, kwa wapwa pengine lilikuwa duka la mjomba wao, na mwenye jengo alitaka karatasi. Mimi nilitaka mtu mmoja tu aniambie kwamba lilikuwa letu, mimi na yeye, na mtu huyo hakuwepo.

Sikumjibu mjomba vibaya. Nilifunga gunia langu, nikaaga, na njia nzima ya kurudi mjini nilikuwa nazungumza peke yangu. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeamua. Ritani itakwenda kwa jina lake, na nitaipeleka mwenyewe kama alivyokuwa anafanya. Waone kama alikuwa mshika kalamu tu.

Nilitandika mkeka. Nilijipiga marufuku chai. Hapo ndipo nilipojua kwa nini mume wangu alikuwa mkali vile kila masika. Kuuza najua, hata ukiniamsha usingizini. Lakini karatasi zilikuwa zinauliza mambo ambayo sikuwahi kuyafikiria. Mdalasini ambao mjomba hunipa bure kwa sababu mimi ni mwana wa dada yake, nimeununua kwa kiasi gani? Nikisema bure, basi faida yangu ni kubwa mno na hapo nimejinyonga. Nikisema nimenunua, risiti iko wapi? Chakula cha mdogo wangu aliyekaa dukani wakati wa eda ni mshahara au ni undugu? Mchele wa Dakawa uliopikwa kwenye khitma, ambao ulinunuliwa kwa fedha za droo ya duka, unaandikwa wapi? Na karafuu za mtani, kiganja kila asubuhi kwa miaka yote ile: ni hasara, ni zawadi, au ni wizi? Nilikaa na swali hilo la karafuu kwa muda mrefu kuliko yote. Mwishowe nikaliruka.

Siku ya kutuma nilipiga pasi gauni langu, nikanyoosha kola, nikaenda steshenari ile ile. Mama anayechapa alinikumbuka, akanipa pole, akavuta kiti. Neno la siri la kuingilia lilikuwa jina la binti yetu, hilo nililijua. Lakini mtandao ulitaka na namba za uthibitisho, ambazo hutumwa kwenye simu ya mwenye TIN. Nikafungua mkoba nikatoa simu ya mume wangu. Nilikuwa ninaichaji kila siku tangu afariki. Mtu angeniuliza sababu, nisingekuwa nayo. Simu ikalia, namba zikaja, nikamsomea yule mama moja moja.

Tulipomaliza, simu ikalia tena. Ujumbe ulimtaja mume wangu kwa jina lake kamili, ukamwambia ritani yake imepokelewa na ukamshukuru.

Nilisimama kwenye baraza ya steshenari, mvua inanyesha, na nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuielezea vizuri. Nilihisi ameifanya yeye. Nilitaka kumwambia mtu, na mtu niliyetaka kumwambia alikuwa yeye.

Furaha hiyo ilidumu mpaka dirisha la leseni. Afisa wa pale, mama mtaratibu mwenye miwani, alitazama kwenye kompyuta yake akaniambia kila kitu kinaonekana kiko sawa. "Sasa mwenyewe aje asaini."

"Amefariki," nikasema.

"Pole sana mama. Lini?"

"Kabla ya vuli."

Akarudisha macho kwenye kioo cha kompyuta, akayatoa, akayarudisha. "Mbona hapa inaonekana ametuma ritani juzi?"

Foleni nzima nyuma yangu ikanyoosha shingo. Mtu mmoja akasema "Subhanallah" kwa sauti ya chini, na mwingine akakohoa ili asicheke. Yule afisa hakunikaripia hata kidogo. Alinieleza kwa upole kwamba hili siyo la kumaliza hapo, nirudi kwenye mambo ya kodi nirekebishe, nije na cheti cha kifo na karatasi ya mirathi, na kwamba nisichelewe. Alisema mengine pia. Mimi nilikuwa nasikia sauti tu. Masikio yalikuwa yamejaa maneno ya mtani: utakuwa umemfufua.

Nilipanda ngazi zake nikiwa nimejiandaa. Nilijua atacheka mpaka soko zima lisikie, na nilijua sina ruhusa ya kununa. Nikamweleza nimesimama. Hakucheka. Alisogeza mafaili kwenye kiti cha wageni akaniambia nikae, na akaanza kusema kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, sauti ya kawaida ya mtu mzima, ya chini, haina mzaha ndani yake. Ilinitisha kuliko dirisha la leseni.

"Namba ya mtu inakufa naye," akasema. "Hesabu zake zinaishia siku aliyofariki. Mpaka siku ile ni mauzo yake. Kuanzia kesho yake ni mauzo yako wewe, hata kama ulikuwa eda, hata kama hukufika dukani. Unafungua namba yako. Ya kwake inafungwa. Uliyotuma juzi tunaieleza kwa barua kwamba ilikuwa makosa, na wanaelewa, wewe si wa kwanza."

"Mwaka mmoja unakatwa vipande viwili?"

"Unakatwa."

Kumbe wakati mimi nahangaika na nani mmiliki, mjomba anasema ukoo, mpwa anagusa rafu, kodi ilikuwa na jibu lake tangu zamani, jibu baya na la wazi: duka lilikuwa la kwake, halafu siku moja likawa la kwangu. Nilikasirika. Nilihitaji mtu wa kumkasirikia na alikuwa mbele yangu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Uliniambia kama mtani!"

"Mimi ni mtani wako," akasema. "Ningekuambia kama nani?"

Akanitajia bei yake, kazi yote, yeye afanye kila kitu na mimi nisaini tu. Ilikuwa bei ya haki. Nikamwambia hapana. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Nikamwambia hesabu nitazifanya mwenyewe, zote mbili, zake na zangu, maana nimeshajua kutandika mkeka. Akasema Waluguru hawana dawa, na niliposikia hivyo nikashusha pumzi, kwa sababu ile ndiyo sauti niliyoizoea.

Zilinichukua masika yote. Mahakama ya Mwanzo walinipa karatasi ya usimamizi wa mirathi, na ndugu wa mume wangu walikuja wakasaini bila neno, hata yule wa redio. Nilifungua namba yangu. Nilikaa mkekani na marundo mawili, moja mpaka siku ile, moja kuanzia kesho yake. Rundo lake lilikuwa kubwa zaidi. Kuna risiti aliyoandika asubuhi ya siku aliyoanguka, mwandiko umenyooka kabisa, na niliishika nisijue niiweke upande gani, ingawa nilijua. Nilikuwa nachanganyikiwa, nalia, nafuta, naanza upya. Lakini zilitoka sawa. Yule mama wa steshenari alizichapa zote mbili, barua ya kueleza kosa ikaenda nazo, na kwa namba yangu mpya nikapata hati, leseni na mkataba wa fremu.

Likabaki moja. Nikapanda kwa mtani.

"Imebaki kufunga ile namba," nikamwambia.

"Hiyo? Hiyo ni kazi ndogo kuliko zote ulizofanya. Ombi, cheti cha kifo, unabonyeza, basi. Mtu aliyeweza kukata mwaka vipande viwili anashindwa hiyo?"

"Nashindwa."

Akageuza kiti kunielekea.

"Mambo ya kaburi tunawaachia nyie," nikasema. "Nimekuja kukulipa ufanye hiyo moja."

Alizima feni. Sijui kwa nini aliizima. Akafunga kifungo cha juu cha shati lake, akanyoosha kola kwa mikono yote miwili, na safari hii hakuwa anamwigiza mtu. Akageukia kompyuta. Simu ya mume wangu ilipolia mkobani niliitoa, nikamsomea namba za uthibitisho moja moja, naye akazigonga taratibu kama mtu anayeogopa kuamsha aliyelala. Ombi likaenda. Akasema majibu yatakuja baada ya siku chache. Nilipouliza bei akaniambia tutaongea.

Majibu yalikuja asubuhi, dukani. Nilikuwa napima pilipili manga. Mtani alikuwa amesimama mlangoni, mwili umeziba mlango mzima, mkono ndani ya debe la karafuu, anamalizia kunieleza jinsi mbuzi wa Kiluguru wanavyozaliwa na miguu mifupi upande mmoja. Simu ikalia kwenye rafu. Tuliiangalia wote wawili. Nikaichukua nikasoma. Ilimtaja kwa jina lake kamili, kwa mara ya mwisho, ikamwarifu kwamba namba yake imefungwa na kwamba hadaiwi chochote.

"Imefungwa," nikasema.

Nililia hapo hapo mbele ya mizani, bila kujificha. Yeye alibaki na mkono kwenye karafuu, hajui autoe au auache. Nilipopata sauti nikamwuliza tena nimlipe kiasi gani, kwa sababu sikutaka kubaki na deni lake.

Akautoa mkono, kiganja kimejaa, akakitazama, akatia mfukoni kama kawaida. "Kuna kitu mumeo hakuwahi kukuandikia kwenye karatasi zake," akasema. "Unadhani kila mwaka alikuwa anapata wapi majibu ya maswali yake? Alikuwa ananiuliza hapa hapa mlangoni, mimi nachota, yeye ananitukana. Mwakani hizi karafuu ziandike kwenye matumizi. Andika mshauri wa kodi."

Nilimtazama. Miaka yote ile, macho ninayo, kalamu ninayo, uso ameuinua juu. Nilitaka kucheka na nilitaka kumfuata Mikese nikamgombeze.

Mtani alikuwa bado ameziba mlango. Akashuka kwenye kizingiti, akasogea pembeni, mgongo ukutani, akaacha njia wazi mpaka barabarani, ingawa hapakuwa na mteja wala mpita njia.

"Haya," akasema kwa sauti ya chini. "Amefunga hesabu. Mpisheni apite."